Jumba la Raia Lililogeuzwa Kasri

Chini ya jumba kubwa la mawe kwenye uwanja wa Dam, Amsterdam, zimepigiliwa nguzo 13,659 za mti. Waholanzi huikumbuka idadi hiyo kwa siku za mwaka: chukua 365, tanguliza 1, malizia na 9. Watalii hulijua jumba lenyewe kama kasri la mfalme, lakini halikujengwa kwa ajili ya mfalme yeyote. Lilikuwa makao ya baraza la mji, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1648, mwaka ambao Uhispania ilikubali kwa mkataba kwamba Uholanzi ni nchi huru.

Mtihani wa kwanza wa msanifu Jacob van Campen ulikuwa ardhi. Amsterdam imekaa juu ya mboji na udongo laini. Mchanga mgumu uko kiasi cha mita 12 chini, na kila nguzo ilibidi iufikie. Wanaume walishika kamba zilizopita kwenye kapi, wakainua gogo zito kwa pamoja na kuliachia liangukie kichwa cha nguzo, huku wakiimba ili mikono isipishane, kama wavuvi wavutapo juya. Vichwa vya nguzo viliwekwa chini ya usawa wa maji ya ardhini. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe: mti uliozama kabisa haupati hewa, na kuvu waozeshao mbao hawastawi pasipo hewa. Maji yakishuka, uozo huanza. Juu ya msingi huo zikajengwa kuta za matofali, zikavishwa jiwe la mchanga kutoka Bentheim, Ujerumani.

Hata hivyo, mimi huvutiwa zaidi na mpangilio wa vyumba. Upande wa uwanjani hakuna lango la fahari, bali matao saba ya kawaida tu. Chumba cha kusomea hukumu za kifo kiliwekwa ghorofa ya chini, madirisha yakielekea uwanjani, ili walioko nje washuhudie. Ghorofa ya juu uko Ukumbi wa Raia, wenye ramani za dunia zilizotiwa kwenye sakafu ya marumaru. Kando ya ukumbi huo ndiko zilikokuwa ofisi, na sanamu zilizochongwa na Artus Quellinus na mafundi wake zilieleza kazi ya kila ofisi. Tazama mlango wa chumba cha waliofilisika: juu yake Ikaro wa hadithi za Kigiriki anaporomoka kutoka angani, na katika nakshi za pembeni mna panya, sanduku tupu la fedha na hati za madeni. Asiyejua kusoma naye alielewa anaingia wapi. Mchoraji Rembrandt alipofilisika mwaka 1656, shauri lake lilishughulikiwa na ofisi hiyo.

Mwaka 1808 Louis Napoleon, aliyetawazwa mfalme wa Uholanzi na kaka yake, Kaizari Napoleon wa Ufaransa, alilitwaa jumba hilo akaishi humo. Kumbi za mawe, baridi na zenye mwangwi, hazikufaa kwa malazi. Mafundi wake wakazigawa njia za pembeni kuwa vyumba kwa kuta za mbao, wakatandika mazulia juu ya marumaru, wakaongeza roshani upande wa uwanjani. Wengi humlaumu. Kwa kazi ya ndani mimi namtetea: mafundi wake waliongeza zaidi kuliko walivyovunja, na ndiyo maana katika karne ya 20, serikali ilipokwisha kulinunua jumba kutoka kwa mji, kuta zile ziliweza kuondolewa na kumbi zikarudi katika upana wake. Hasara isiyo na dawa iko nje. Jengo la mizani ya mji, lililosimama uwanjani tangu karne ya 16, lilibomolewa kwa sababu lilimziba mfalme asione mbele.

Baraza halikurudi tena. Roshani nayo iliachwa, na naona ni sawa, kwa kuwa imekwisha kuwa na historia yake: tarehe 30 Aprili 2013, Malkia Beatrix alipokwisha kusaini hati ya kuachia kiti humo ndani, alitoka hapo kumtambulisha mwanawe, Willem-Alexander, kwa umati uliojaa uwanjani.