Daktari wa Retina
Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za kwenda ubongoni. Hauhisi maumivu, ndiyo maana kisukari huweza kuuharibu kimyakimya hadi mgonjwa aanze kuona ukungu. Hapo atahitaji daktari wa retina; kwa mkazi wa Lamadi, Tanzania, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza.

Bingwa wa retina hapatikani upesi, kwani mafunzo yake ni marefu: udaktari miaka mitano, mwaka mmoja wa mazoezi, uzamili wa macho, kama ule wa hospitali ya KCMC, Moshi, kisha ubingwa bobezi. Hupiga leza, hudunga dawa ndani ya jicho, hurudisha retina iliyobanduka. Lakini pongezi kubwa zaidi, pengine, anazistahili kwa maelezo yake. Aliyewekewa gesi jichoni ili kuishikilia retina huenda akatakiwa kuinamisha uso siku kadhaa, wala haruhusiwi kupanda ndege mpaka gesi iishe. Asipoelewa sababu, upasuaji mzuri huweza kupotea bure. Na ugonjwa wa retina si kama mtoto wa jicho: kuona hakurudi sikuzote, jambo ambalo daktari mwema hulisema kabla ya upasuaji.