Maktaba Inayosafiri kwa Sanduku

Tangu vita vya 1996, watu wengi wa Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, wamekimbia makwao, wengine wakavuka kuingia Burundi. Mtu anapokimbia hubeba mtoto na sufuria, vitabu hubaki.

Ndiyo maana Ideas Box, maktaba inayosafiri kwa masanduku, inastahili pongezi. Mwaka 2014, shirika la Bibliothèques Sans Frontières, likishirikiana na UNHCR, lilipeleka maktaba hizo katika kambi za wakimbizi Wakongomani za Kavumu na Bwagiriza, nchini Burundi. Masanduku yake, yaliyobuniwa na mbunifu Philippe Starck, hufunguliwa ndani ya dakika 20 tu: hutoka meza, viti, vitabu, tableti, hata sinema.

Hongera zaidi kwa wahudumu wake. Kambini kila kitu ni mgao. Lakini hapa maktabani mtoto anapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu, anachagua mwenyewe.