Mnada Ulikuwa Haujaisha

Soko la korosho ya Kusini halikuvurugwa na wakulima waliogoma Oktoba 2018, wala na wanunuzi waliokuja na bei za chini. Lilivurugwa Novemba 12 ya mwaka ule, siku Hayati Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itanunua mzigo wote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, fedha zitoke Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na Jeshi la Wananchi likasombe korosho. Mtwara na Lindi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Nani angeikataa 3,300 wakati mnadani ametajiwa 2,700? Lakini shangwe haibadilishi hesabu. Uamuzi ulikuwa mbaya tangu ulipotamkwa, na ubaya wake haukuwa kwenye bei. Ulikuwa kwenye kuuvunja mnada ungali katikati.

Kila msimu unapokaribia kufunguliwa na bei za dunia zikayumba, wanajitokeza wanaotamani utaratibu ule urudi. Ndiyo maana nami narudi kwenye siku ile, na sitaacha kurudi.

Waliofuatilia wanakumbuka mambo yalivyokwenda. Msimu wa 2017/18 ulivuka tani 300,000, na bei zikagusa 4,000. Mkulima aliingia 2018/19 na bei ile kichwani. Huku nyuma soko la Vietnam lilikuwa limeshuka, na wanunuzi wakaja kwenye minada ya kwanza na bei zisizofika 3,000. Barua za zabuni zikafunguliwa hadharani, zikasomwa, na wakulima wakasema hapana. Chama kikuu kimoja baada ya kingine kikarudisha barua. Oktoba 28 wanunuzi wakaitwa Ikulu, wakakubali bei isishuke chini ya 3,000. Mnada ukasuasua. Wakapewa muda wa siku chache waandike kila mmoja atachukua tani ngapi, kampuni 13 zikaandika, na majibu yao yakaonekana hayatoshi. Katikati ya hayo mawaziri wawili wakaondolewa, Bodi ya Korosho ikavunjwa, na mwishowe mnada ukafungwa.

Ule mgomo wa Oktoba ulielezwa kila mahali kama dalili kwamba mfumo umeshindwa. Mimi nauona kinyume kabisa. Mgomo ule ndio mfumo wenyewe ukifanya kazi yake. Stakabadhi ghalani ilipoanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, shabaha ilikuwa hiyo hiyo: mkulima aweze kukataa. Kabla ya hapo alikuwa akiuza mlangoni kwake kwa yeyote aliyekuja na mizani, na akikataa, gunia lilibaki uvunguni na mtoto akakosa ada. Mzigo ukishaingia ghala kuu kwa jina la AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, umepimwa uzito, umepangwa daraja na stakabadhi imeandikwa, mkulima anaweza kusema hapana wiki hii na akangoja mnada wa wiki ijayo. Nguvu yake yote iko hapo. Mwenye kampuni ana meli inayosubiri bandarini Mtwara na kiwanda kinachosubiri mzigo ng'ambo. Mkulima ana mzigo uliokauka vizuri na umelindwa. Wavutane. Katika mvutano huo wiki mbili au tatu si janga. Ndiyo biashara yenyewe.

Mvutano ule una saa yake, na hapo ndipo uamuzi wa Novemba ulipokosea vibaya zaidi. Korosho yetu huvunwa kuanzia Oktoba hadi Januari hivi. Kodivaa, Benin, Ghana na India huanza kuvuna kuanzia Februari. Katika miezi yetu michache hiyo, mbanguaji wa Vietnam au India anayetaka korosho ghafi mpya hana pengi pa kwenda zaidi ya kwetu. Hilo ndilo dirisha letu, na ndiyo sababu korosho ya Mtwara imekuwa ikipata bei nzuri miaka ambayo haikustahili. Kila wiki inayopita baada ya Krismasi hutupunguzia nguvu. Korosho inayokaa ghalani nayo huchakaa: unyevu hubadilika, kiini hupoteza rangi, na mnunuzi akipasua sampuli anaona.

Sasa fikiria mnunuzi aliyekaa hotelini Mtwara jioni ya Novemba 12. Asubuhi alikuwa akishindana na wenzake kwenye minada ya vyama vikuu kadhaa, kila kimoja na mzigo wake na kiburi chake. Jioni ana muuzaji mmoja tu, mwenye zaidi ya tani 200,000, aliyetangazia dunia nzima kwamba amenunua kwa 3,300, asiye na uzoefu wa kuuza korosho, na aliyejiwekea mwenyewe mzigo wa kusafirisha, kuhifadhi na kulinda. Mnunuzi huyo ana haraka gani? Anangoja Februari. Serikali iliwanyang'anya wakulima karata yao nzuri kuliko zote, ikaiweka mezani ikiwa wazi.

Tukaona matokeo. Januari 30, 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Indo Power Solutions ya Kenya: tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418, yaani shilingi 4,180 kwa kilo, bei ambayo soko la wakati ule halikuwa nayo popote. Mtu yeyote aliyewahi kusimama mnadani Tandahimba angeuliza swali moja tu: huyu mnunuzi amewahi kuchukua tani ngapi? Mkataba ukavunjwa baadaye. Mzigo ukaingia msimu wa Afrika Magharibi ungali mikononi mwa Serikali.

Si kila kitu kilikosewa: Jeshi lilifanya kazi liliyotumwa, na kuwalipa wakulima kupitia akaunti za benki ilikuwa hatua nzuri.

Narudi kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo iliyoniudhi zaidi. Chukua tani 220,000 kwa makadirio. Kuzinunua zote kwa 3,300 ni shilingi bilioni 726. Kama mnada ungeendelea na bei ikakwama pale pale 2,700, pengo hadi 3,300 ni shilingi 600 kwa kilo, yaani bilioni 132. Kama nia ilikuwa mkulima aondoke na 3,300, pengo hilo lingeweza kulipwa moja kwa moja kupitia AMCOS, kwa stakabadhi ile ile iliyokwisha kuandikwa, huku korosho ikiondoka bandarini ndani ya dirisha letu. Serikali ingebeba bilioni 132 na mnunuzi angebeba zilizobaki, pamoja na ghala, meli na hatari ya soko. Badala yake Serikali ilibeba vyote.

Na sehemu ya fedha za kulipa pengo ilikuwapo kisheria hadi miezi mitano kabla. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi ni asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa irudi kwenye zao lenyewe. Juni 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuipeleka yote Mfuko Mkuu wa Serikali, na wabunge wa Kusini wakapiga kelele hadi sauti zikakauka. Kwa kiwango cha chini kabisa cha dola 160, tani 220,000 zinatoa dola milioni 35.2, na asilimia 65 yake inakaribia dola milioni 23. Ushuru wa msimu uliotangulia, wenye tani nyingi na bei kubwa zaidi, ulikuwa mkubwa kuliko huo. Fedha hizo ndizo zilizonunua salfa ya kupulizia mikorosho, na ndizo zingekuwa akiba ya mwaka wa bei mbaya. Mfuko wa Wakfu wa kuendeleza zao la korosho ulipofutwa mwaka 2016 niliona tunajivua kinga. Miaka miwili baadaye mvua ikanyesha. Hili nalisema kila mara na wahariri wamelizoea.

Kisha ukaja uhakiki, na hapo ushirika ukavunjiwa heshima. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuthibitisha shamba lake kabla ya kulipwa, kwa hofu kwamba korosho yake ni ya kangomba, yaani imenunuliwa kwa wakulima kinyemela, nje ya mfumo. Tupige hesabu ya shambani. Mti uliopuliziwa salfa kwa wakati na kupaliliwa unaweza kutoa kilo 10. Kilo 1,500 ni miti 150. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 hiyo ni ekari tano na kidogo. Hili ni shamba la kawaida la familia, na mwenye shamba kama hilo aliyefuata kila alichofundishwa na kituo cha utafiti cha Naliendele ndiye aliyegeuzwa mtuhumiwa. Aliyeacha shamba likajaa magugu alilipwa mapema.

Kilichoniuma ni kwamba jibu lilikuwa tayari kwenye daftari la AMCOS. Katibu na wajumbe wa chama cha kijiji wanajua nani ana miti mingapi, nani amerithi, nani amekodi shamba la shemeji yake, na nani alikuwa akizunguka na mizani usiku mwezi wa Agosti. Badala ya kuwauliza na kuwawajibisha wao, zikatumwa timu kutoka nje. Hadi Bunge la bajeti la 2019 malipo ya wakulima yalikuwa bado yanaulizwa Dodoma.

Kangomba yenyewe haikuguswa, kwa sababu kangomba ni mkopo. Juni hadi Agosti miti inachanua, ubwiriunga unatishia maua, mkulima anahitaji salfa, mafuta ya bomba na vibarua wa palizi, na chakula cha mwaka jana kimekwisha. Anayemletea fedha saa hiyo ndiye mwenye korosho yake Oktoba, kwa bei ya hovyo. Ukimkamata Novemba umeshachelewa miezi mitano. Tiba yake ni chama cha akiba na mikopo chenye mtaji, kinachokopesha mwezi wa Juni na kukata deni kwenye malipo ya mnada. Vyama vyetu vikuu, vya Kusini vikiwamo, vimeshindwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Liwale iliwaka moto Aprili 2013 kwa sababu malipo ya pili hayakuja kama wakulima walivyoahidiwa, na viongozi wa ushirika hawakuwa na maelezo. Mimi siwatetei wezi wa ushirika. Natetea ushirika.

Ushirika huo una mizizi mirefu. Paul Bomani, mwasisi wa ushirika wa wakulima wa pamba, alianzia kwenye mizani. Usukumani baada ya vita kuu ya pili, wakulima wa pamba walikuwa wakipunjwa kwenye vituo vya kununulia, na jambo la kwanza walilolipigania kwa pamoja lilikuwa kuwa na watu wao wa kuhakiki uzito. Hawakuomba Serikali ya mkoloni inunue pamba. Walitaka wapime wenyewe, kisha wauze wenyewe, na mwaka 1955 vikaungana vyama vyao katika Victoria Federation of Cooperative Unions, muungano uliokuja kumiliki jineri zake wenyewe. Uchagani walitangulia: chama cha wakulima wa kahawa cha mwaka 1925, chini ya watu kama Joseph Merinyo, na kutoka humo chama kikuu cha KNCU. Bei ya kahawa ilianguka vibaya miaka ya 1930, na wakati huo nao walikuwapo wanachama waliotaka kukimbilia kwa wafanyabiashara. Chama kilibaki. Wazee wale walielewa kwamba bei mbaya ya mwaka mmoja inavumilika kuliko kupoteza mahali pa kuuzia.

Sisi vyama vyetu tukavipoteza kwa amri. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao, kwenye korosho CATA. Sijawahi kuusamehe uamuzi ule. Korosho ilikuwa imefika tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 ilikuwa imeanguka chini ya tani 20,000. Najua kufutwa kwa ushirika si sababu pekee. Operesheni vijiji ilihamisha watu mbali na miti yao, ubwiriunga ukala maua, bei ya shambani ikadidimia. Lakini mkulima wa Masasi aliyeona bei haimlipi hakuwa tena na chombo chake cha kusemea. Alichoweza kukataa ni kupalilia tu, na akakataa. Waliotangaza ununuzi wa 2018 walipaswa kuijua historia hii, kwa sababu ilitokea mashamba yale yale.

Mnada ulirudi msimu uliofuata, mikononi mwa vyama vikuu. Pembejeo za ruzuku zikarejea baadaye, na msimu wa 2024/25 ukavuka tani 400,000. Siku hizi barua zimeondoka, ushindani unafanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, na mkulima anaiona bei kwenye skrini. Ni kazi nzuri. Sehemu kubwa mno ya korosho bado inaondoka bila kubanguliwa, wakati viwanda vilivyojengwa kwa mikopo miaka ya 1970 viligeuka maghala, lakini hilo lina safu yake.

Ninachotaka kwa sasa ni kifungu kimoja kwenye mwongozo wa mauzo. Mkulima akikataa bei, mzigo ubaki ghalani kwa jina la AMCOS hadi mnada unaofuata, na kiongozi yeyote asiwe na mamlaka ya kuufunga mnada kabla ya mwisho wa Januari. Serikali ikitaka kumwongezea mkulima, imwongezee kwenye stakabadhi, baada ya mnunuzi kulipa.