Rehani ya Dereva

Mama alikuwa na kibanda cha chakula Bwera, Uganda, kando ya barabara inayoteremka Mpondwe, pale malori yanapojipanga kungoja karatasi za forodha kabla ya kuvuka kwenda Kasindi, Kongo. Aliuza bundu, sima yetu ya muhogo, na samaki. Dereva mmoja wa Mombasa, mtu mzima mwenye kofia ya viua iliyopauka, alikwama hapo siku tisa. Siku ya tano pesa za chakula zilimwishia. Akaja na kitabu chembamba kilichopoteza jalada, akakiweka mezani.

"Nishikie hiki, Mama. Tajiri akituma hela nitakikomboa."

Mama, ambaye hakuwahi kumnyima mtu chakula na hakuwahi kusahau deni, alinipa kitabu nikiweke juu ya kabati, mbali na moshi. Sikukiweka.

Kilikuwa *Kusadikika* cha Shaaban Robert.

Ili mjue kilichonipata, sharti nieleze Kiswahili nilichokuwa nacho. Nyumbani tulisema Lhukonzo. Kiswahili kilikuwa cha soko, kilichovuka mto Lhubiriha pamoja na mafuta ya mawese na vitenge. Ndani yake watu walikuwa "batu", vitu vilikuwa "bintu", na kila kilichopo, awe mbuzi au liwe deni, kilikuwa "iko". Ghafla nikakutana na lugha iliyovaa kanzu na kufunga kilemba. Nusu ya maneno sikuyajua. Nilisoma kama mtu apitaye msituni: mti huu naujua, ule siujui, njia nadhani ni hii. Tolkien, mwandishi wa *Bwana wa Pete*, alianza kwa kubuni lugha ndipo akazitafutia watu wa kuzisema. Mimi sikuhitaji lugha ya kubuniwa. Ile ya Tanga, kwao Shaaban Robert, ilinitosha kabisa kuwa ya majini.

Habari yenyewe ni hii. Kuna nchi iliyo hewani. Ndani yake kijana aitwaye Karama ameshtakiwa, na mshtaki wake ni waziri, jina lake Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia: kabla yake walitumwa wajumbe sita kwenda kutafuta elimu na mambo mema ya nchi za nje, na kila aliyerudi, badala ya shukrani, alipata adhabu. Basi ni safari sita ndani ya kesi moja, katika kitabu unachoweza kukimaliza taa ikiwa na mafuta ya usiku mmoja. Leo watu wanaandika majuzuu kumi kuhusu mazimwi na viti vya enzi, wala siwalaumu, nimesoma mengi ya hayo. Ila ufundi hupimwa pia kwa uzito ambao mtu ameweza kuupakia kwenye mtumbwi mdogo.

Nilichokipenda hasa, na nilichelewa kukitambua, ni mipaka. Nchi isiyokuwepo, na mwandishi anakupa mipaka yake kama karani wa wilaya! Imepakana na pepo: kaskazi huku, kusi kule, na nyingine pande zilizobaki. Baharia yeyote wa pwani anazijua pepo hizo kwa ngozi yake. Kwa hiyo jambo lisilowezekana limefungwa kwa kamba ya jambo ambalo msomaji hawezi kulikana. Kisha inakuja mahakama, mashtaka, siku za kusikiliza kesi, baraza lililokaa. Hakuna anayekuomba uamini kuwa nchi inaelea. Unaulizwa tu kama umewahi kumwona kiongozi anayechukia habari njema kwa sababu hakuileta yeye. Ukishakubali hilo, tayari uko hewani.

Sikushangaa baadaye nilipojua kwamba Shaaban Robert alianza kazi mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, na akakaa katika idara hiyo hadi 1944. Nimekulia kwenye foleni ya forodha, nawajua makarani. Hakuna anayejua kama wao kwamba mpaka ni kitu cha kubuni chenye meza, muhuri na wino. Upande huu wa mto mtu anaitwa Mkonzo, upande ule Mnande, na wote wawili wakigombana hawahitaji mkalimani.

Labda pia mlima wetu, Rwenzori, ulinitayarisha. Asubuhi zenye bahati, mawingu yakifunguka, ukiwa Kasese mjini unaiona theluji huku jasho linakutiririka, na ukishika barabara ya kusini unaikuta alama ya ikweta. Wazee wetu hawakuona muujiza hapo: theluji ina mwenyewe, Kithasamba, na kwake ndiko kule. Waliopata taabu ni wasomi. Mmisionari Rebmann alipoandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, walikuwepo wataalamu wa London waliomcheka, ilhali wao hawakuwahi kufika huko. Rwenzori nayo, yenye kilele cha mita 5,109, ilidumu karne nyingi kama uvumi wa Milima ya Mwezi hadi Stanley alipoiona mwaka 1888. Ukweli wetu ulikosa karani mzuri, basi ukahesabiwa kuwa ngano.

Na yupo mtu wa kwetu aliyeufanya ufundi huu bila kuandika riwaya. Katika miaka ya 1950 mwalimu wa shule, Isaya Mukirane, aliongoza chama cha kutafiti maisha na historia ya Wakonzo. Alizunguka milima hii akikusanya habari za wazee. Mwaka 1954 alitembea na Mwingereza Tom Stacey, ambaye baadaye alikuwa mwandishi wa riwaya. Masimulizi yakakusanyika, na tarehe 30 Juni 1962 yakatangazwa kuwa ufalme: Rwenzururu. Mwezi huohuo Shaaban Robert alifariki. Ufalme wa Mukirane ulikuja kutambuliwa na serikali mwaka 2009, baada ya damu nyingi, na mwaka 2016 damu nyingine ikamwagika Kasese. Siwezi kuisimulia habari hiyo kama ngano. Waliozika wafu wake wako hai. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu hapo simsikilizi mtu anayeniambia hadithi za kubuni ni za watoto.

Turudi kwenye kibanda. Siku ya tisa, hela zikaja. Dereva alilipa sahani zote, akaongeza ya soda yangu, akadai rehani yake. Nilikuwa nimefika mjumbe wa nne. Nilimwomba, "Mzee, wawili waliobaki wanakwenda wapi?"

"Wa tano anakwenda juu, wa sita chini," alisema, akakitia kitabu nyuma ya kiti na kuwasha gari.

Kwa miaka saba nikabaki na juu na chini. Mjumbe wa tano nilimpandisha Rwenzori. Nilimvusha mianzi na matope, nikamfikisha kwa Kithasamba aulize kwa nini barafu inapungua. Wa sita nilimtumbukiza katika migodi ya shaba ya Kilembe, ile iliyoileta reli hadi Kasese mwaka 1956. Humo akakutana na watu wanaohesabu siku kwa filimbi. Niliandika yote hayo nyuma ya daftari la hesabu, na hesabu nikaanguka.

Kitabu nilikipata tena Kampala, katika rundo la vitabu chakavu chini ya turubai. Nilisimama hapohapo, muuzaji ananitazama, nikafungua kurasa za mwisho. Wa tano yule alikuwa amekwenda mbinguni, kama nilivyokisia. Wa sita sikumpata kabisa. Nilisahau kwamba nchi yao iko hewani. Chini kwao ni ardhini: alikuwa ametumwa kwetu.