Sura Iliyobandikwa Ukutani: Matangazo ya Biashara na Mwanamke wa Chita

Mchungaji atembeleaye Wakristo wake huko Chita, chini ya milima ya Udzungwa, hukutana na gazeti mahali pawili. Kwanza ni karatasi iliyofungia maandazi. Pili ni ukuta wa udongo uliobandikwa kurasa kuukuu ili kuzuia vumbi. Habari zake hazisomwi tena, kwani zimekwisha kupitwa na wakati. Picha ya tangazo, hata hivyo, hudumu. Mwanamke mwenye uso uliong'arishwa na nywele laini amtazama mama mwenye nyumba alalapo na aamkapo. Twaona kwamba picha hiyo yastahili kufafanuliwa kwa uangalifu ule ule tuutumiao katika ufafanuzi wa maandiko, maana nayo yahubiri.

Tena yahubiri kwa utaratibu ambao Mlutheri hana budi kuutambua. Tangazo lina sheria yake na injili yake. Kwanza humshtaki msomaji: ngozi yako ina kasoro, nguo za watoto wako hazijatakata, mumeo hakutazami. Kisha, dhamiri ikiisha kuchomwa, huleta wokovu ndani ya kopo dogo. Tofauti ni kwamba injili hiyo hulipiwa, na neema yake hudumu mpaka kopo liishe. Ushawishi wa tangazo haumo katika kusifu bidhaa tu. Umo katika kuumba kwanza hatia ambayo bidhaa hiyo itaiondoa.

Katika miaka ya 1960 jarida la Drum, toleo la Afrika Mashariki, lilichapisha matangazo mengi ya krimu za kung'arisha ngozi, mojawapo ikiwa Ambi. Mwanamke wa matangazo hayo alikuwa wa mjini, mwenye kazi na mchumba, na weupe wake uliwekwa kana kwamba ndio uliompatia vyote viwili. Sabuni ya Lux nayo ilijulikana duniani kwa kutumia nyuso za wacheza sinema. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ukipiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na krimu hizo kuanzia Januari 1969.

Hapa hatuna budi kusema wazi. Operesheni hiyo iliona ubaya wa kweli, lakini ilimshika aliyeshtakiwa badala ya mshitaki. Mjini Dar es Salaam wanawake walifanyiwa fujo barabarani kwa sababu ya mavazi yao, na wengine waliandika magazetini wakiuliza kwa nini utamaduni wa taifa ulindwe kwa miili ya wanawake peke yao. Swali hilo halijajibiwa, hata na Kanisa. Mara ngapi tumehubiri juu ya uso wa binti aliyejipaka, tusiseme neno juu ya sauti iliyomwambia kuwa uso aliopewa na Mungu haufai? Na dhara si la roho tu. Krimu zenye zebaki huharibu figo. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa 2013 ulipanga kuziondoa sokoni zile zenye kupita sehemu 1 ya zebaki katika 1,000,000.

Tukirudi bondeni, twamkumbuka mwanamke wa sura ya kwanza ya Wimbo Ulio Bora. Amechomwa na jua kwa sababu ndugu zake walimweka kulinda mizabibu. Mama aliyeshinda shambani akiamia ndege wasile mpunga hahitaji kamusi ili amwelewe. Mwanamke yule ajitaja kuwa mweusi na mwenye uzuri. Lakini kiunganishi cha Kiebrania kilichopo hapo chaweza kumaanisha "na" au "lakini", na tafsiri yetu ya Union ilichagua "lakini". Ndani ya neno hilo moja tangazo zima la krimu lapata mahali pa kukaa. Twapendekeza wanafunzi wa Agano la Kale wasiipite aya hiyo haraka.

Ni haki kukiri kwamba picha zimebadilika. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mwanamke wa tangazo aweza kuwa mfanyabiashara, naye hutuma fedha badala ya kuzingojea. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo khanga yake ni mpya daima, na miguu yake haina tope. Mwanamke aliyeinama majarubani, ambaye mchele wake huliwa na mji mzima, sisi hatujapata kumwona katika tangazo lolote, isipokuwa la mbolea, na hapo aliyeshika mfuko alikuwa mume.

Baada ya kuandika haya tuliingia katika ofisi ya usharika mmoja. Ukutani palikuwa na kalenda ya duka, zawadi ya mfanyabiashara, yenye uso ule ule. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, zilikuwa zimeandikwa zamu za akina mama za kufagia kanisa.