Pua Inayojua Dakika

Jani la chai likiwa bado mtini lina kila kinachohitajika kuligeuza rangi, ila vitu hivyo havikutani. Kemikali ziitwazo katekini zimefungiwa kwenye kifuko ndani ya seli, na kimeng'enya cha kuzigeuza kimekaa upande wake. Ndiyo maana majani ya mashamba ya Kericho hayageuki kahawia yakiwa bado mtini.

Kiwandani kwanza jani hunyaushwa, likapulizwa hewa usiku kucha mpaka lilegee. Kisha huingia kwenye mashine aliyoibuni William McKercher kule Assam mwaka 1930: roli mbili zenye meno, moja ikizunguka kwa kasi kuliko mwenzake, zinalikata, zinalichana na kulisokota. Seli zinapasuka. Katekini, kimeng'enya na hewa vinakutana, na uoksidishaji unaanza papo hapo.

Kwa mwanakemia wa leo, kuoksidika ni kupoteza elektroni. Sodiamu ikiungua ndani ya gesi ya klorini inaoksidika, ingawa hakuna oksijeni hata chembe. Katika chai oksijeni ipo, nayo ndiyo inayopokea: inachukua elektroni na hidrojeni za katekini, ikageuka kuwa maji. Katekini zilizopokonywa hazitulii. Zinatafutana na kuungana. Hapo ndipo zinapozaliwa theaflavini, zenye rangi ya dhahabu na ule ukali unaochangamsha ulimi. Mabadiliko yakiendelea zinakuja thearubijini, nyekundu ya kahawia, ambazo huipa chai uzito.

Ninayemstahi zaidi katika kazi hii ni fundi anayesimama kando ya mkanda, majani yaliyosagwa yakisogea polepole mbele yake. Anachota kiganja kimoja, anakifumba, anakifumbua, ananusa. Ubichi wa nyasi bado upo? Anayarudisha. Baada ya muda anachota tena. Kijani kimeanza kuelekea shaba, na harufu imekuwa tamu, ya matunda. Anangoja bado kidogo.

Kungoja huko ndiko ufundi wenyewe. Theaflavini hupanda hadi kilele, kisha hupungua. Mwenye haraka hupata chai chungu yenye ubichi, na mzembe hupata chai nyeusi iliyopoa ladha. Tena kilele hakina saa moja ya kudumu. Siku ya joto huja mapema, siku ya baridi huchelewa, na jani lililonyaushwa vibaya lina mwendo wake. Saa ya ukutani inamsaidia fundi, lakini haimwamulii.

Akiridhika, majani yanapelekwa kwenye kikaushio. Joto linakiua kimeng'enya, na unyevu unashuka hadi karibu asilimia 3. Baadaye mwonjaji atatia maziwa kidogo kwenye kikombe: chai iliyokatishwa kwa wakati itang'aa kama dhahabu, na iliyocheleweshwa itafifia kuwa kahawia ya kijivu, na hapo hakuna sukari wala tangawizi itakayoirudishia mng'ao.