Mwenyewe ni Nani?

Ukiweka Facebook kwa Kiswahili, unageuka mtumiaji. Neno baridi, kama la sabuni. Mteja nalo tulishaliharibu: simu ikizimwa tunasema iko mteja, na Pwani teja ni mtu wa unga. eCitizen, tangu 2014, imechagua uraia. Jina tamu, ila hata Mkongomani wa Kawangware hufungua akaunti pale.

Sasa ingia saiba yoyote Tom Mboya Street. Mama anataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, lakini hagusi kipanya hata mara moja. Mtumiaji ni kijana wa saiba. Nywila ameiweka yeye. Mama akirudi Kangemi, akaunti inabaki tao. Angalau kijana, kabla ya kutuma, huuliza, “Mwenyewe ni nani?” Hilo ndilo neno ningeliweka juu ya ukurasa.